Dawa Mbili, Shimo Moja

Daktari aligeuza kompyuta yake ili nami nione, ingawa sikujua nitazame wapi. Palikuwa na mstari uliokuwa ukishuka tangu mwaka uliopita, kama mtu anayeteremka mlima kwa uangalifu. Mwishoni ulipinda ukaanza kupanda.

"Hizi ni seli nyeupe za damu ya mdogo wako," alisema. "Zilikuwa zimetulia. Sasa zinaongezeka tena. Yuko wapi?"

"Geita, machimboni. Alikuja hapa Mwanza akatoa damu, akarudi hukohuko."

"Anameza dawa?"

"Anasema anameza."

"Wewe umemwona akimeza?"

Nilikuwa sijamtia machoni tangu kabla ya masika. Mimi ni fundi cherehani, nashonea barazani kwetu Ngokolo, Shinyanga. Kila dawa zilipokaribia kwisha nilikwenda Mwanza kumchukulia, nikampa kondakta wa basi la Geita, naye mdogo wangu akanipigia simu kwamba zimefika. Nikimuuliza hali, alijibu, "Mzima kama chuma, dada." Nami niliridhika, kwa sababu sauti yake ilikuwa ya mtu mzima kama chuma.

Tuko watatu. Mama alitangulia, baba akafuata, na mimi nikiwa kidato cha pili nikaacha shule ili hawa wawili wale. Huyu wa kati alikua akawa na mabega ya baba, akakimbilia dhahabu kama vijana wengine wa huku. Wa mwisho, msichana, bado yuko sekondari, na karo yake ilitoka zaidi shimoni kuliko kwenye cherehani yangu. Ndivyo tulivyoishi hadi siku mdogo wangu aliporudi nyumbani amekonda, na upande wa kushoto wa tumbo lake umekuwa mgumu kama amemeza jiwe. Shangazi alisema ni bandama, akachanjwe. Akachanjwa chale, akapakwa unga mweusi, na jiwe likabaki palepale. Ndipo tukaenda hospitali, na hospitali ya kwanza ikatutuma ya pili, mpaka tukafika kwa daktari huyu.

Yeye ndiye aliyenieleza ugonjwa wenyewe, tena kwa subira, kwa sababu nilimuuliza maswali mengi ya kijinga. Alisema mwili hutengeneza damu mpya kila siku ndani ya uboho wa mifupa, na damu hiyo hupatikana kwa seli moja kugawanyika kuwa mbili. Lakini seli haigawanyiki inapotaka. Inangoja ruhusa. Ndani yake mna protini ziitwazo kinasi, ambazo kazi yake ni kuchukua kipande kidogo sana cha fosfeti na kukibandika kwenye protini nyingine. Protini iliyobandikwa kipande hicho huamka na kufanya kazi. Kikibanduliwa, hulala. Kinasi moja huamsha nyingine, na nyingine huamsha ya tatu, mpaka amri inafika: sasa kua, sasa nakili nyuzi zako za urithi, sasa gawanyika. Na kama nyuzi zimeharibika, zipo kinasi nyingine ambazo kazi yake ni kusimamisha shughuli mpaka zirekebishwe.

"Kwa hiyo ni wasimamizi," nilisema.

"Ni wasimamizi. Na wasimamizi wazuri hujua kunyamaza."

Kwa mdogo wangu, alisema, nyuzi mbili zilikatika ndani ya seli moja ya uboho, na zilipounganishwa tena zikaunganishwa vibaya, kichwa cha huu na mkia wa ule. Hapo palipoungwa pakazaliwa kinasi ambayo haijui kunyamaza. Inabandika mchana na usiku. Seli zinaambiwa gawanyikeni, gawanyikeni, hata kama damu imeshajaa, na bandama inavimba kwa kuhifadhi zisizo na pa kwenda.

"Nani alizikata?" niliuliza. Nilikuwa nafikiria baruti, na zebaki wanayosafishia dhahabu, na vumbi la mawe.

"Mara nyingi hatujui. Hakuna aliyemrushia uchawi."

Nadhani alijua ninatoka wapi.

Kidonge alichompa hakiiui ile kinasi. Kinaingia katika kishimo kidogo kilichomo ndani yake, pale inapochukulia fosfeti, kinakaa hapo, kinaziba. Kinasi inabaki hai, mikono mitupu. Lakini kidonge huisha nguvu na kutoka mwilini, kwa hiyo kesho lazima kiingie kingine, na keshokutwa kingine. Jambo la mwisho alilonieleza siku ile lilinichekesha. Alisema kidonge hiki hugusa pia kinasi nyingine isiyo na hatia, ile ambayo seli za rangi ya ngozi huitegemea, na kwa watu weusi huweza kuwafanya weupe kidogo. Kweli, baada ya miezi michache mdogo wangu alianza kupauka. Majirani waliniuliza kwa kunong'ona ananunua wapi mkorogo. Kisha akapata nguvu, akarudi Geita.

Siku ile ya mstari uliopinda, daktari hakuwa na mzaha.

"Kuna mawili," alisema. "La kwanza, hamezi. La pili, anameza, lakini kinasi yake imebadilika umbo. Kile kishimo kimebadilika kidogo na kidonge hakiingii tena. Likiwa hilo la pili, anahitaji dawa nyingine, na hiyo hatuna hapa. Itabidi iombwe, tungoje, na sijui kama tutaipata kabla ugonjwa haujageuka."

"Ukigeuka?"

"Ukigeuka huwa mkali. Hapo nitakuwa na machache ya kufanya." Alinipa kopo jipya. "Naagiza kipimo cha kinasi yenyewe, lakini kinachukua muda. Nenda ukajue ukweli. Nahitaji kujua kabla sijaandika kwamba dawa imeshindwa."

Katika basi la kwenda Geita nilijikuta naomba kitu ambacho sijawahi kumwombea ndugu yangu. Nilimwomba Mungu mdogo wangu awe ananidanganya.

Kambi yao iko nje ya mji, juu ya mwinuko uliochimbwachimbwa, mahema ya turubai upande mmoja na makarasha yanayosaga mawe upande wa pili. Kelele zake huingia kifuani. Bodaboda alinishusha mbali kidogo na shimo lao, duara kama wanavyoliita, akanionyesha majivu yaliyomwagwa chini kwa mstari, yakizunguka mdomo wa duara lote.

"Hapo usipite, mama. Mwanamke hapiti."

Nilisimama nje ya majivu. Kijana mmoja mrefu, mwembamba, aliyekuwa ameketi juu ya mifuko ya mawe akikohoa, aliniona akapiga kelele kuelekea chini ya turubai. "Chai ya Maziwa! Una mgeni! Njoo umwone, mzuri kuliko wewe!"

Mdogo wangu alitoka. Alikuwa amejaa vumbi tangu nywele hadi kope, ameshtuka, kisha akacheka, akaniamkia. "Dada, shikamoo! Mbona hukusema unakuja?" Akachukua maji kwenye dumu, akanawa uso ili anikumbatie vizuri.

Alipoinua uso, vumbi likiwa limetoka, nilimwona baba. Alikuwa mweusi. Mweusi wa kung'aa, hadi kwenye masikio, kama alivyokuwa kabla hajaugua.

"Umeona tulivyomtunza, shemeji?" alisema yule mrefu. "Alikuja hapa kama chai ya maziwa, ndiyo tukampa hilo jina. Sasa rangi imerudi, jina limebaki."

"Wabeja," nilimjibu kwa Kisukuma, yaani asante. Nilimshika mdogo wangu mkono, nikamvuta hadi nyuma ya hema lake. "Kopo liko wapi?"

"Kopo gani?"

"Usinifanye mtoto. Nililokutumia kabla ya hili."

Aliingia, akakaa kidogo, akatoka nalo. Lilipaswa kuwa tupu. Alilibana kiganjani ili lisipige kelele, lakini nilisikia vidonge vikigongana ndani.

Nilikaa chini. Kwa muda mfupi sikujua kama ninayoyaona ni mabaya au mazuri: dawa haikushindwa, ilikuwa haimezwi. Mungu alikuwa amenipa nilichoomba.

"Namezaga, dada," alisema. "Siku nikiwa juu, nameza. Siku nikishuka, simezi."

"Na unashuka lini?"

Alitazama pembeni. "Tuko karibu na mwamba wenyewe. Tunashuka kila siku."

Kisha akanieleza, kwa sauti ya chini, kama vile majivu yana masikio. Duara hili lina mganga wake. Ndiye aliyelifungua, akanyunyiza dawa yake, akaacha masharti: mwanamke asivuke majivu, na anayeshuka asiwe na dawa nyingine mwilini, iwe ya hospitali au ya mganga mwingine. Dawa mbili hazikai shimo moja, zinagombana, na zikigombana wanaolipa ni watu. Katika duara la jirani, kijana mmoja alikunywa dawa ya kwao akashuka nayo kwa siri. Matimba, zile nguzo zinazozuia kuta, yakaachia. Waliwatoa wawili tu wakiwa hai.

"Unaamini hayo?"

"Sijui. Lakini ukuta ukidondosha hata kokoto, wataniangalia mimi. Wote wanajua kwamba mimi ndiye mwenye vidonge." Alijigusa ubavu wa kushoto. "Na tumbo limeshuka, dada. Nina nguvu. Mimi nilidhani kile kitu kimeshakufa."

"Hakijafa. Kilizibwa tu. Ukiacha kukiziba kinaanza tena kuamuru. Damu yako imeshaanza kupanda, nimeona kwa macho yangu Mwanza."

"Umeona nini wewe? Uliishia kidato cha pili."

Niliyameza hayo. "Nimeona mstari ukipanda. Na daktari anangoja nimwambie kama unameza au humezi. Nikisema unameza, ataandika kwamba dawa imeshindwa, utaondolewa kwenye hii, na nyingine haipo. Kwa hiyo sitasema hivyo. Meza sasa hivi, nikuone."

"Zamu yangu inaanza sasa."

"Ndiyo maana nimesema sasa hivi."

Akatikisa kichwa, akanizunguka, akaenda zake. Alivuka majivu na kwenda kusimama na wenzake penye kamba. Mimi nikabaki nje na makopo mawili mkononi.

Mkuu wa zamu alikuwa mtu wa makamo, kofia ya plastiki kichwani, mpole wa sauti. Nilimwamkia nikiwa nje ya mstari.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mayu. Umetoka mbali?"

Mayu ni mama kwa Kisukuma, na mwanaume akimwita hivyo mwanamke ambaye hakumzaa, amempa heshima. Nilishukuru moyoni. Nikamweleza yote kwa sauti ya kusikika, ili na wengine wasikie: mdogo wangu ana ugonjwa wa damu, dawa hii ndiyo inayoushikilia, na hapaswi kuruka siku.

"Hapa hatumzuii mtu hospitali," alisema. "Mimi mwenyewe nina presha. Nina vidonge vyangu nyumbani. Namezea huko nikishatoka zamu."

"Na presha yako huwa inakusubiri utoke zamu?"

Wale vijana wakaangua kicheko. Yule mrefu akapiga mapaja. "Mkuu, amekupata! Shemeji, tuachie huyu mgonjwa, tutakupa mwingine mzima."

"Mzima yupi? Wewe unayekohoa hivyo?"

Wakacheka tena, hata mkuu wa zamu akatabasamu. Lakini tabasamu lilikwisha upesi.

"Sikia, mayu. Masharti sikuyatunga mimi. Hawa wote wana mama zao. Akitaka kumeza, ameze, simkatazi. Ila akimeza hashuki. Na asiposhuka sasa hivi tulipofika, nafasi yake ina watu kumi wanaoingoja. Siwezi kumtunzia." Akamgeukia mdogo wangu. "Nyanda," alimwita, yaani kijana kwa Kisukuma, "amua. Kamba inangoja."

Mdogo wangu hakunitazama. Alianza kujifunga kamba kiunoni.

Nilimwita. Hakugeuka. Nilimwita kwa jina analoitwa nyumbani tu, jina la utotoni, ambalo hakuna aliyelijua pale. Vidole vyake vilisita kwenye fundo, kisha vikaendelea.

Sijui niliamua saa ngapi. Nakumbuka nilivua kandambili, nikasogea mpaka vidole vya miguu vikagusa ukingo wa majivu.

"Akishuka bila kumeza," nilisema, "mimi navuka."

Kicheko kilikatika. Hata karasha lililokuwa karibu nilihisi limenyamaza, ingawa najua halikunyamaza. Watu waliokuwa wameketi walisimama. Kijana mmoja ambaye hakuwa amesema neno aliokota mpini wa sururu akaushika kwa mikono miwili.

"Mayu," alisema mkuu wa zamu, polepole sana, "usifanye hivyo. Ukivuka, hakuna atakayeshuka hapa mpaka shimo lifunguliwe upya. Kuna watu wameacha familia zao miezi mingi kwa ajili ya wiki hii. Mimi sitaweza kuwazuia."

"Najua."

"Watakuumiza."

"Najua, baba. Sina ugomvi na shimo lenu. Nina mtu wangu humo."

Niliogopa miguu itavuka yenyewe. Mwenye mpini alipiga hatua moja, kisha nyingine. Yule mrefu aliyekuwa akinitania alisema kwa sauti iliyobadilika kabisa, "Dada, rudi nyuma. Tafadhali." Sikurudi. Nilimtazama mdogo wangu mgongoni, pale jasho lilipochora mfereji kwenye vumbi, na nikawaza kwamba ndani ya mgongo ule, kwenye uboho, kile kitu kinaamuru wakati huuhuu, wala hakijali masharti ya mganga wala machozi yangu.

Mdogo wangu alifungua fundo. Alitembea moja kwa moja, akapita mbele ya mwenye mpini akamsukuma kwa bega, akaja akasimama upande wake wa majivu, mimi upande wangu. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Lete," alisema.

Nilimwekea kidonge kiganjani. Hakuna aliyetoa maji mpaka mkuu wa zamu alipochukua dumu mwenyewe na kumpa. Alimeza mbele ya wote, akafungua mdomo wazi kuwaonyesha, kama mtoto anayelazimishwa kwinini. Kisha akavuka akaja nje.

Mkuu wa zamu alivua kofia, akajifuta kipara. "Umefanya ulichotaka, mayu. Mchukue mtu wako."

Kijana mwingine alishajifunga kamba kabla hatujafika kwenye bodaboda.

Hakunisemesha njia nzima. Kahama tuliteremka kula, nikamwagizia wali, akala akiutazama ukuta. Tulipofika nyumbani alilala chumbani kwake hadi jioni ya siku ya pili. Kila jioni nilipika mapema, kwa sababu kidonge kile kikiingia tumbo tupu humtapisha, na nilisimama mlangoni nikimwangalia. Alimeza, akafungua mdomo kunionyesha, kama alivyowaonyesha wale. Lilikuwa tusi, na nililipokea kila siku.

Daktari nilimwambia ukweli kwa simu, kwamba mdogo wangu alikuwa hamezi dawa. Alishusha pumzi ndefu. "Afadhali," alisema, kisha akaongeza haraka, "lakini tusishangilie. Kuruka siku nyingi kunaipa kinasi nafasi ya kubadilika. Ameze bila kukosa, halafu mje." Kwa hiyo hofu ile haikuondoka, ilihamia kwenye kungoja. Nilishona sare za watu nikikosea vipimo. Mdogo wetu wa mwisho aliporudi kutoka bwenini aliuliza kwa nini ndani ya nyumba hakuna anayecheka. Nikamwambia tunangoja majibu ya kaka yake. Hakuuliza tena.

Siku ya majibu tulikwenda wote wawili. Daktari aligeuza kompyuta yake. Mstari ulikuwa umepinda tena, safari hii kuelekea chini, na kipimo cha kinasi yenyewe kilikuwa kimetoka: kishimo hakijabadilika. "Kidonge bado kinaingia," alisema, akimtazama mdogo wangu na si mimi. "Una bahati kuliko unavyojua. Lakini ukicheza nacho tena, sitaweza kukuahidi."

Mdogo wangu aliitikia kwa kichwa. Nje ya jengo aliniomba nauli ya kwenda Isaka, bandari kavu, alikosikia wanatafuta watu wa kufunga maturubai ya malori. Nikampa. Alianza wiki ileile, akawa anakuja nyumbani kila mwisho wa juma.

Haikupita muda, akaja jioni moja, akaketi kwenye ngazi ya baraza bila kuvua viatu. Mimi nilikuwa namalizia kola ya shati.

"Wamepata," alisema.

Nikasimamisha cherehani.

"Duara letu. Wameufikia mwamba, na una dhahabu ya kuonekana kwa macho. Yule mrefu amenipigia. Ananunua bodaboda." Alicheka kidogo, bila furaha. "Wote wanasema ni kwa sababu mimi niliondoka na dawa zangu."

Dhahabu ilikuwepo kweli, na yeye kweli hakuwepo.

"Na wewe unasemaje?" niliuliza.

Alivua kiatu kimoja, akakikung'uta mchanga. Ndani, ugali ulikuwa umeshaiva na mdogo wetu alikuwa anatuita.

"Ningekuwa na bodaboda," alisema. Kisha akavua na cha pili, akainuka. "Twende tule, dada. Muda wa kumeza umefika."